Mwaka wa Farasi, Karo ya Binti na Sarafu ya Shemeji

Juma hili nimeziweka pembeni barua za wakwe na za wapenzi, kwa sababu zimefika barua mbili, moja kutoka Kimaka mjini Jinja na nyingine kutoka Mbale, zenye swali ambalo sikulitegemea. Zote zinauliza kuhusu sarafu za ukumbusho zenye wanyama wa miaka ya Wachina. Ya Kimaka ina haraka, kwa hiyo naanza nayo.

Dada aliyeiandika ana saluni ndogo. Rafiki wa mumewe, ambaye humwita shemeji kama ilivyo desturi yetu, huenda Guangzhou, China, kuleta bidhaa. Safari hii amerudi na sarafu kubwa yenye farasi anayekimbia, imo ndani ya kijisanduku chekundu cha mahameli, pamoja na kadi inayosema ni aunsi moja ya dhahabu safi. Anaiuza shilingi laki tisa za Uganda "kwa kuwa ni wewe". Amemwambia kwamba binti yake, aliyezaliwa Machi 2014, ni mtoto wa Farasi. Kwamba 2026 ni mwaka wake wa bahati. Kwamba sarafu ikikaa nyumbani mtoto atafaulu mtihani wa darasa la saba. Na kwamba baada ya miaka michache bei itakuwa mara tatu. Zimebaki mbili tu, asichelewe. Laki tisa anazo, ziko kwenye SACCO, nazo ni karo ya muhula. Mume yuko kazini mbali. Anauliza, atoe?

Usitoe, mdogo wangu. Na sitaki uache kwa sababu Dada kasema. Nataka uache kwa sababu umeelewa, ili siku ya pili akija mwingine na joka au jogoo usihitaji kuniandikia.

Tuanze na hesabu. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwezi Oktoba 2025 bei ya dunia ilivuka dola 4,000 kwa aunsi moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya hapo. Kwa shilingi yetu hizo zilikuwa kama milioni 14. Gramu moja tu ilikaribia laki nne na nusu. Kwa bei hiyo laki tisa yako ingenunua gramu mbili za dhahabu. Anayekupa gramu 31 kwa bei ya gramu mbili, hakupi dhahabu. Simwiti shemeji tapeli. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo, akaamini kadi na sanduku. Lakini kudanganywa kwake hakuwezi kulipiwa na karo ya mtoto wako.

Sasa hili la bahati, maana naona ndilo lililokugusa moyo kuliko bei. Wachina wana mzunguko wa wanyama 12: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, nyani, jogoo, mbwa na nguruwe. Kila mwaka una mnyama wake, na baada ya miaka 12 anarudi yule yule. Mwaka wao hauanzi Januari mosi. Unafuata mwezi, ndiyo maana Mwaka wa Farasi wa 2014 ulianza tarehe 31 Januari, na huu wa 2026 mwanzo wake ni tarehe 17 Februari. Binti yako wa Machi 2014 ni wa Farasi kweli, hapo shemeji hakukosea. Alipokosea ni hapa: kwa mila za Wachina wenyewe, mwaka wa mnyama wako ukirudi, hauhesabiwi kuwa mwaka wa bahati. Ni mwaka wa kujihadhari. Mtu anayefikisha miaka 12, 24 au 36 hununuliwa mkanda mwekundu, soksi nyekundu, nguo za ndani nyekundu, kumkinga na mikosi ya mwaka huo. Kwa hiyo hata ukitaka kufuata imani hiyo, ambayo si ya kwetu, binti angehitaji soksi za shilingi elfu chache tu. Mtihani wake utafaulishwa na mwalimu, kitabu, taa ya kusomea jioni, na karo iliyolipwa ili asirudishwe nyumbani katikati ya muhula.

Kuna wasomaji watakaoniuliza kama kuwa na sarafu hiyo ni ushirikina. Maoni yangu ni haya: picha ya farasi ni picha ya farasi. Ikikaa kabatini kama kitu kizuri, haina neno. Ukianza kuiomba kitu, zungumza na sheikh wako au mchungaji wako, si na mimi.

Msidhani sarafu hizi zenyewe ni uzushi. Zipo za kweli, na ni kazi nzuri sana ya mikono. Hong Kong ilitoa ya dhahabu mwaka 1976, Mwaka wa Joka, yenye thamani ya dola 1,000 za huko. China yenyewe ikaanza mwaka 1981 kwa Jogoo: gramu nane, yuani 250. Mwaka huo huo Singapore nayo ikaanza. Kiwanda cha sarafu cha Perth, Australia, kikaingia mwaka 1996, na kile cha kifalme cha Uingereza mwaka 2014, kwa Farasi. Biashara hii ina wateja kwa sababu ya mapenzi ya watu: babu anamnunulia mjukuu mnyama wa mwaka aliozaliwa, kampuni inamzawadia mfanyakazi anayestaafu. Zile za awali zilitengenezwa chache, na wakusanyaji huko Asia wanazilipia zaidi ya uzito wa dhahabu yake.

Hapo ndipo inapotoka ile hadithi ya "itapanda mara tatu". Ni kweli kwa baadhi ya sarafu, mikononi mwa baadhi ya watu, mahali walipo wanunuzi. Wewe uko Kimaka. Siku utakapotaka kuiuza, utakwenda kwa sonara mjini Jinja, naye ataiweka mezani, ataipima, na atakulipa dhahabu iliyomo. Farasi hatamlipia. Sanduku hatalilipia. Kwa hiyo ile pesa ya juu uliyoitoa kwa ajili ya mnyama, hata sarafu ikiwa ya kweli kabisa, inapotea siku ile ile unaponunua, isipokuwa kama una njia ya kuifikisha kwa mkusanyaji wa nje. Nina hakika mkusanyaji huyo humjui, na shemeji pia hamjui.

Turudi kwenye ile iliyo mezani kwako. Kabla ya kupima chochote, isome. Sarafu ni pesa ya nchi: kwa kawaida huwa na jina la nchi, mwaka, na thamani, iwe yuani, dola au shilingi. Ikikosa jina la nchi na thamani, mara nyingi hiyo ni medali. Medali inaweza kuwa ya dhahabu, lakini hakuna benki kuu iliyosimama nyuma yake, na mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuichapa. Tazama pia maandishi ya ubora: 999 au 9999 ni dhahabu safi, 917 ni karati 22. Ukiona herufi GP popote, hata ndogo vipi, ujue imepakwa dhahabu juu tu, na ndani ni shaba au chuma. Wengine huandika 999 halafu GP kando yake, wakitumaini utaisoma namba na kuziruka herufi. Nyingi za hizo huuzwa wazi kama vitu vya ukumbusho kwa bei ya chakula cha mchana, na aliyezitengeneza hakumdanganya mtu. Uongo huanza pale anayeziuza mara ya pili anaposema ni dhahabu.

Kisha ipime, na hili unaweza kulifanya mwenyewe jikoni ukipata mzani mdogo wa kidijitali wenye kuonyesha sehemu za gramu. Ipime kavu kwanza. Ikiwa ni aunsi kweli, utaona 31.1. Halafu weka glasi ya maji juu ya mzani, irudishe namba iwe sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize izame yote bila kugusa chini wala pembeni, nawe ukiushika uzi. Mzani utaonyesha namba ndogo. Gawanya ule uzito wa kwanza kwa namba hii. Dhahabu safi inatoa 19 na kidogo. Ya karati 22 inatoa kati ya 17 na 18. Ukipata nane au tisa, umeshika shaba. Yaani aunsi ya dhahabu itaonyesha kama gramu 1.6 kwenye maji, na shaba ya uzito ule ule itaonyesha karibu tatu na nusu. Tofauti ni kubwa, huwezi kukosea.

Sumaku inasaidia kidogo tu. Ikiivuta sarafu, mjadala umekwisha, hiyo si dhahabu. Isipoivuta, hujajua kitu bado, kwa kuwa shaba pia haivutwi. Na kuna metali iitwayo tangsteni ambayo uzito wake unakaribiana mno na wa dhahabu, hata maji hayaitambui; mafundi wa uovu huiweka ndani na kuifunika dhahabu. Kwa hiyo maji yanatosha kukataa, hayatoshi kukubali. Kabla ya kutoa mamilioni, sarafu iende kwa mtaalamu wa kupima madini. Usikubali mtu akwangue au akate sarafu ya ukumbusho, na usiing'arishe kwa dawa ya meno au majivu. Mikwaruzo inaua ile thamani ya mkusanyaji.

Najua ugumu wako si mzani. Ugumu wako ni shemeji. Mtu anayekula kwako, anayemfahamu mumeo tangu ujana wao, utamwambiaje kwamba humwamini? Usimwambie hivyo. Mwambie, "Shemeji, nashukuru kwa kunikumbuka. Jumamosi twende wote kwa sonara, tuipime mbele yako, na mume wangu akiwa kwenye simu anasikiliza. Ikiwa ni dhahabu, tutazungumza bei." Basi. Umempa heshima, hukumtukana, na umewaweka watu wawili zaidi ndani ya mazungumzo. Kama nia yake ni safi, atakuja. Kama alidanganywa, atajua siku hiyo hiyo, na atakushukuru kwa kumzuia asiuze ya pili kwa mwingine. Akikasirika, au akisema ataiuza kwa mtu mwingine leo leo, mwache aende nayo. Ile haraka ya "zimebaki mbili" ni ya muuzaji, na haikuhusu.

Hilo la mume kwenye simu nalisisitiza. Wake wengi wa watumishi wanaofanya kazi mbali wanafuatwa na wauzaji wa aina hii kwa sababu wako peke yao na akiba iko mikononi mwao. Karo mliiweka wote wawili. Isitoke kwa uamuzi wa mmoja aliyebanwa mlangoni.

Na usidhani jambo hili ni la Guangzhou pekee. Sisi wa mashariki tuna dhahabu karibu. Busia inachimbwa tangu enzi za mkoloni, na Agosti 2025 Rais Museveni alifungua huko mgodi mkubwa wa kampuni ya Wagagai wenye mtambo wa kusafishia dhahabu. Habari kama hizi zinawapa watu hamu, na penye hamu matapeli hufika na vumbi la rangi ya njano ndani ya chupa. Kanuni ni ile ile kwa vumbi, kwa kipande na kwa sarafu: mzani kwanza, pesa baadaye.

Barua ya Mbale ni ya kijana aliyefiwa na baba yake. Ndani ya sanduku la marehemu amekuta sarafu za Uganda za shilingi 100, za mwaka 2004, zenye picha za nyani. Hakuwahi kuziona sokoni. Jirani kamwambia ni sarafu adimu za Wachina, aziuze akajenge nyumba.

Pole kwa msiba, mdogo wangu. Sarafu hizo ni za kweli, na ni zetu. Mwaka 2004 ulikuwa Mwaka wa Nyani, na jina la Uganda likawekwa kwenye mfululizo wa sarafu za shilingi 100 kwa ajili ya wakusanyaji wa nje. Hukuzizoea kwa sababu shilingi 100 tunayoijua sote ina ng'ombe wa pembe ndefu, kama vile 200 ilivyo na samaki na 500 ilivyo na kichwa cha korongo wetu. Nchi nyingi hutoa sarafu kama hizo zako kupata fedha kidogo kutoka kwa wakusanyaji. Somalia ilitoa seti nzima ya wanyama 12 mwaka 2000, kila moja shilingi kumi. Lakini hizo zako hazina dhahabu ndani, ni metali ya kawaida, na wakusanyaji huzinunua kwa bei ndogo. Hazitajenga nyumba. Nakusihi uzitunze hata hivyo, kila moja kwenye kijifuko chake, pamoja na karatasi yenye jina la baba na maneno machache ya ulikozikuta. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya mzazi ni mali.

Ungekuta sarafu za mwaka 1969 ningekupa jibu jingine. Papa Paulo wa Sita alipokuja Uganda mwaka huo, ziara ya kwanza ya Papa aliye madarakani katika Afrika, nchi ilitoa sarafu za ukumbusho za fedha na za dhahabu. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 1,000. Ilikuwa na uzito wa gramu 138.24, dhahabu ya 900, maana yake aunsi nne kamili za dhahabu safi ndani yake.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana sarafu hii inafundisha kuliko barua yangu yote. Thamani iliyoandikwa juu yake, shilingi 1,000, ilikuwa pesa ya maana mwaka 1969. Kisha ikaja ile miaka ambayo wazazi wetu hawapendi kuisimulia, shilingi ikaporomoka, na mwaka 1987 serikali ikabadilisha noti na kukata sifuri mbili: mia ya zamani ikawa moja mpya. Kwa hiyo shilingi 1,000 ya sarafu ile, kwa kuhesabu maandishi, ikawa shilingi kumi, ambazo leo hazinunui hata peremende. Lakini dhahabu iliyomo haikusikia amri ya 1987. Aunsi nne zilibaki aunsi nne, na kwa bei ya Oktoba 2025 ni zaidi ya dola 16,000, hata kabla hatujamtafuta mkusanyaji. Picha ya Papa ilibaki, jina la nchi lilibaki, namba ilibaki, na vyote hivyo havikulinda kitu. Kilicholinda ni uzito wa dhahabu na ubora wake.

Tanzania nako ni hivyo hivyo. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewazingira Wajerumani waliotawala huko, walichapa sarafu za dhahabu katika karakana ya reli mjini Tabora, za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka Sekenke, upande wa Singida. Dola iliyozitoa ilianguka muda mfupi baadaye, rupia yenyewe ikafa, lakini sarafu zile hadi leo zinauzwa kwa mnada Ulaya kwa bei nzito. Huyu tembo ameongeza thamani kweli, kwa kuwa zilikuwa elfu 16 na ushei tu na historia yake haiwezi kurudiwa. Farasi wa 2026 anachapwa na viwanda vya nchi nyingi, kwa wingi, na miaka 12 baadaye atachapwa tena.

Sasa kuna dada au kaka atakayesema: nina pesa za ziada, karo imelipwa, dawa ziko, na bado nataka kumwachia mtoto wangu sarafu ya mnyama wake. Nakuunga mkono. Nunua ndogo, ya gramu moja au ya sehemu ya kumi ya aunsi, ya kiwanda kinachojulikana, kutoka kwa muuzaji mwenye duka na risiti yenye jina lako. Ujue kwamba zile ndogo zina gharama kubwa zaidi kwa kila gramu, kwa sababu kazi ya kuchapa ni ile ile. Ukitaka akiba tupu bila mapambo, sarafu ya kawaida ya karati 22, kama ile paundi ya dhahabu ya Uingereza yenye gramu 7.98, hununuliwa na kuuzwa kwa urahisi zaidi. Usiitoboe ukaifanya kidani cha kuvaa na gomesi siku ya utambulisho. Usiiposti kwenye simu. Mwambie mtu mmoja tu unayemwamini mahali ilipo, kwa sababu kuna dhahabu nyingi iliyopotea wenyewe walipokufa na siri yake. Na ndugu zangu Waislamu, dhahabu yenu yote ikifika gramu 85 na mwaka ukipita, zaka iko juu yenu, iwe na farasi au isiwe naye.

Dada wa Kimaka, karo ilipwe Jumatatu asubuhi, kabla ya ile safari ya kwa sonara, ili siku ya kupima sarafu mkoba wako uwe mtupu na moyo wako uwe mwepesi. Risiti ya shule mpigie mumeo picha umtumie. Kisha niandikie mzani umesema nini.

Dada yenu.